Ushauri: gildi ya uigizaji Argent Dawn, tuibane historia rasmi kiasi gani?

Kapteni_Nanga
Habari za jioni wakuu. Tunaanzisha gildi ya uigizaji, yaani kikundi cha wachezaji wanaoigiza wahusika wao, kwenye gemu ya mtandaoni World of Warcraft, seva ya Argent Dawn upande wa Ulaya. Ni walinzi wa kawaida wa Stormwind, mji mkuu wa wanadamu: doria, kesi ndogondogo, safari za mashambani Westfall. Matukio tumeyaweka wakati wa toleo la Battle for Azeroth. Kuna maombi matatu yametukwamisha, na kila mwombaji anadai historia rasmi ya gemu inamruhusu:

1. Demon Hunter (mwindaji wa mapepo) ambaye hakufungwa kwenye gereza la Vault of the Wardens na wenzake.
2. Joka linaloishi mjini kwa umbo la mwanamke wa kawaida.
3. Askari wa miaka 30 aliyepigana Vita vya Pili vya wanadamu na orc.

Msaidizi wangu anataka wote wakataliwe. Mimi naogopa gildi isigeuke mahakama. Nani apite, na kanuni tuiandikeje?

Mzee_wa_Ironforge
La tatu ni hesabu tu, mkuu. Miaka ya Azeroth, dunia ya gemu, inahesabiwa tangu lango la Dark Portal lilipofunguliwa na orc wakaingia. Stormwind ilianguka mwaka wa 3, Vita vya Tatu vikaanza mwaka wa 20, na Battle for Azeroth ni mwaka wa 33. Mwenye miaka 30 hapo alizaliwa mwaka mji ulipoanguka, kwa hiyo Vita vya Pili vilivyofuata vilimkuta mtoto mdogo. Mpeni njia mbili: aongeze umri hadi 47 hivi, au ahamishie sifa zake Vita vya Tatu, ambako angekuwa kijana wa 17. Kosa la kujumlisha na kutoa halitoshi kumfukuza mtu.

BintiNagrand
Demon Hunter apite, ila kwa masharti. Wengi wanaamini wote walifungwa na Maiev, mkuu wa gereza hilo, mpaka toleo la Legion la 2016, na si kweli. Demon Hunter aitwaye Altruis alishaachana na Illidan, kiongozi wao, mapema, na tangu toleo la Burning Crusade la 2007 alikuwa amesimama eneo la Nagrand akigawa kazi kwa wachezaji. Mlango upo, ingawa ni mwembamba.

Muulizeni mambo matatu: alifundishwa na nani, ndani yake amefungwa pepo gani, na amelipa gharama gani. Mafunzo ya Illidan yalikuwa kumuua pepo, kula moyo wake na kunywa damu yake, kisha kuona maono yanayomtoa mtu macho. Wengi walikufa au kurukwa na akili. Mwombaji akiandika kwamba alijifunza kwa mjomba wake kijijini, macho yake ni mazima na pepo hamsumbui, hapo amechukua silaha na mabawa tu, mhusika mwenyewe kamwacha nje. Huyo arudishiwe fomu aandike upya.

Kanuni_Kwanza
Hilo la joka ndilo linalowapoteza viongozi wengi, kwa sababu historia rasmi kweli inaruhusu. Joka Chromie anatembea kwa umbo la mbilikimo, na joka Korialstrasz aliishi miaka mingi kati ya wachawi wa mji wa Dalaran kwa jina la Krasus. Hata hivyo mimi ningemkataa bila kusita.

Kuna maswali mawili na watu huyachanganya. La kwanza: je, dunia ya gemu inaruhusu? La pili: je, mhusika huyu anawalazimisha wengine wabadilishe hadithi zao? Chukua doria ya watu wanne imekutana na wezi watano Westfall. Joka likificha nguvu zake kila mara, basi ujoka huo hauna kazi yoyote. Likizionyesha mara moja, tukio limekwisha na wale wanne wamegeuka watazamaji. Kwa sababu hiyohiyo kataeni mtoto wa siri wa Varian Wrynn, aliyekuwa mfalme wa Stormwind, na yeyote anayedai ndiye aliyemuua jemedari fulani.

Kule historia ilikokaa kimya, legezeni kabisa. Ukoo wa wavuvi Westfall, desturi ya mazishi ya kata moja, jina la mtaa usio kwenye ramani, haya hayamgusi mtu. Ramani yenyewe imefinywa sana. Stormwind ya kwenye hadithi ni kubwa kuliko hii unayoivuka kwa dakika chache.

Sahani_Tupu
Lakini Blizzard, watengenezaji wa gemu, wenyewe wanajipinga. Mwanzoni jamii ya eredar ndio waliompotosha Sargeras, kiongozi wa mapepo. Ilipokuja Burning Crusade ikawa Sargeras ndiye aliyewapotosha wao. Na kwenye BlizzCon ya 2010, mkutano wao na mashabiki, mchezaji mwenye shati jekundu aliuliza mhusika Falstad Wildhammer yuko wapi, watengenezaji jukwaani wakadhani amekufa! Baadaye wakamweka mji wa Ironforge, na pembeni yake mhusika mwenye shati jekundu anayeitwa Wildhammer Fact Checker. Sasa sisi tunabanana kwa lipi?

Kanuni_Kwanza
Kwa hilohilo, mkuu. Chanzo kikibadilika, gildi ihitaji tarehe. Andikeni: "Tunafuata historia ilivyo hadi sasisho fulani," na sasisho jipya lianze kuhesabika baada ya wiki nne ili wanaochelewa wasiharibiwe hadithi. Likigongana na mhusika wa zamani, abadilishe chanzo cha jambo, yale aliyokwisha kuyaigiza na wenzake yabaki.

BintiNagrand
Nyongeza ya vitendo. Mkienda eneo la Darkshore, kila mtu aongee kwanza na Zidormi, mhusika wa gemu anayekubadilishia wakati wa eneo. Asipofanya hivyo, mmoja atakuwa kwenye eneo la kabla ya vita na mwingine la baada yake, na hamtaonana kabisa. Watu hulaumu intaneti bure.

Kwenye Total RP 3, programu ya nyongeza ya kuandika maelezo ya mhusika, kurasa za maelezo ziwe za yale yanayoonekana kwa macho. "Ukimwona unatetemeka" ifutwe, huo ni uamuzi wa msomaji. Kwenye /e, amri ya kuandika kitendo cha mhusika, vilevile: "anajaribu kumkaba" inamwachia mwenzio nafasi, "amemkaba na kumwangusha" imeshamaliza kazi ya watu wawili.

Kapteni_Nanga
Asanteni sana wakuu. Wa kwanza anajibu yale maswali matatu, wa tatu anarekebisha umri. Wa pili nimwambieje asivunjike moyo?

Mzee_wa_Ironforge
Mwambie ukweli kwamba hajakosea historia. Kisha mpe mwanamke yuleyule, mtaa uleule, awe mtumishi aliyewahi kufanya kazi kwa joka bila kujua. Siri anabaki nayo, na wenzake wana kitu cha kuchunguza.