Mrejesho: ile sarafu ya shaba niliyodhani ni ya Alexander

Wakuu, nilileta swali kuhusu sarafu nzito ya shaba aliyoniachia marehemu babu, nikiamini ni ya Alexander Mkuu kwa kuwa ina herufi za Kigiriki. Mliosema ni ya "Wakushani", watawala wa kale wa Asia ya Kati na kaskazini mwa India, mlipatia. Niliwabishia bure.

Jamaa anayekusanya sarafu aliipima: gramu 16 na ushee. Akailaza chini ya taa, mwanga uipige ubavuni, ndipo nikamwona mfalme amesimama, joho zito, mkono wa kulia juu ya madhabahu ndogo. Ni Kanishka, mfalme wa Wakushani aliyetawala karne ya 2 BK kutoka Baktria (eneo la kaskazini mwa Afghanistan ya leo) hadi kaskazini mwa India. Upande wa pili kuna mtu anakimbia, nywele timtim: Oado, mungu wa upepo.

Kumbe herufi ni za Kigiriki ila lugha ni Kibaktria. Kanishka ndiye aliyekiondoa Kigiriki kwenye sarafu zake. Ile herufi niliyoisoma "p" ni "sh", waliiongeza kwa sababu Kigiriki hakina sauti hiyo. Kwa hiyo "pao" yangu ni "shao", yaani mfalme!

Bei? Zilitengenezwa nyingi mno, siyo utajiri. Ila nimeonywa nisiisugue kwa ndimu, na upande mmoja nilishaanza.