Nirudie vitabu viwili vya mwanzo kabla ya cha mwisho cha Orïsha, au niingie tu?

Wakuu, heshima kwenu.

Ninacho Children of Anguish and Anarchy, cha tatu na cha mwisho katika trilojia ya Tomi Adeyemi ya riwaya za kichawi kuhusu ufalme wa Orïsha, na nasita kukianza. Cha kwanza kilitoka 2018, cha pili Desemba 2019, halafu tukasubiri mpaka Juni 2024. Mengi yamenitoka kichwani. Zélie, mhusika mkuu, namkumbuka vizuri: fimbo yake, mafunzo ya Mama Agba, mama yake aliyeuawa kwenye ule msako wa mfalme dhidi ya wenye uchawi. Inan na Amari najua ni watoto wa mfalme Saran. Ila vita vya kitabu cha pili vimebaki vipande vipande, na sikumbuki hata kwa nini nilimkasirikia Amari kiasi kile.

Nikirudia vyote, nahofia nitafika cha tatu nimechoka. Nisiporudia, nitawaaga watu niliowapenda kana kwamba siwajui. Nishaurini, ila tafadhali msiniharibie uhondo.

Mla Kurasa:
Usirudie vyote, mkuu. Chukua cha pili, soma robo ya mwisho tu. Kinakatika ghafla, na cha tatu kinaanzia kwenye matokeo ya mkatiko huo. Usipokumbuka usiku wa kuvamiwa ikulu, kurasa za mwanzo zitakupita.

Binti Sitara:
Mimi napingana kidogo na Mla Kurasa. Maelezo ya jalada yenyewe yanasema Zélie amefungiwa kwenye meli ya kigeni na adui sasa ni mfalme Baldyr, kwa hiyo hapo sijaharibu kitu. Adui akitoka ng'ambo, ugomvi wa waasi na watawala wa Orïsha unapungua uzito. Kinachobaki ni Zélie na majeraha yake, na hayo yako kitabu cha kwanza. Ukitaka mwisho ukuguse, rudi kule alikoanzia, walau sura za mwanzo mpaka anapokutana na Amari sokoni. Nilifanya hivyo na sijutii hata kidogo.

Mzee wa Hadithi:
Wote mna hoja. Kumbuka kila sura ina jina la msimulizi juu. Kwa kuwa kinachokusumbua ni Amari, fungua cha pili usome sura zake peke yake, mfululizo. Utaona hatua kwa hatua binti aliyemkimbia baba yake anavyoanza kufikiri kama baba yake. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya trilojia nzima, na bila hiyo huwezi kumhukumu kwa haki kwenye cha tatu.

Jambo jingine: cha mwisho ni kifupi kuliko viwili vya mwanzo na kinakwenda mbio. Wengi waliolalamika walikimeza kwa pupa. Nenda taratibu.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Naanza na sura za Amari leo, kisha ile robo ya mwisho. Binti Sitara, sura za mwanzo za Zélie nazo nizisome kabla au baada ya hizo za Amari?

Binti Sitara:
Baada. Zélie awe wa mwisho kumsikia kabla hujaingia kwenye ile meli.