Mrejesho: Riwaya za safari za ajabu

Ndugu wasomaji, niliomba mnitajie riwaya ya Kiswahili yenye safari za ajabu, itakayomfaa mpwa wangu anayependa hadithi za anga. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) niliipata kwa wauza vitabu vya mitumba hapa Posta. Nchi yake iko angani, na wajumbe sita wanatumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, lakini kijana alilalamika kwamba hotuba za Karama, mshtakiwa anayejitetea barazani, zinazifunika safari zenyewe, na kwa kweli sikumpinga. Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo mhusika mkuu Dzombo anarushwa katika chombo na kufika nchi ngeni, ndiyo iliyomfanya akeshe. Nagona ya Kezilahabi nimeibakiza kwangu. Si ya umri wake.