Jumapili yangu yote inaishia kwenye beseni, nyie mnapumzika saa ngapi?

Mpangaji wa Kimara
Habari zenu wakuu. Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Nikibanwa kwenye foleni ya mwendokasi nafika nyumbani usiku, hoi. Kwa hiyo kila kitu kinaisubiri Jumapili: nguo za wiki nzima, mashuka, deki, kujaza madumu maana maji huku ni ya mgao, maharage kwenye jiko la mkaa. Misa ya kwanza siiachi, hiyo haina mjadala. Mchana naitwa kikao cha harusi. Jumatatu naamka mgongo unauma kuliko Ijumaa. Nina miaka 34, naishi peke yangu. Mnaojitegemea mnafanyaje hadi mnapata usingizi wa mchana bila roho kuwasuta?

Mama Wawili
Pole sana kaka. Kinachokuua ni kulimbikiza. Shati la leo lifue leo jioni ukienda kuoga, na soksi humohumo. Maharage yaloweke Jumamosi usiku, asubuhi mwaga yale maji. Yanaiva upesi na mkaa unabaki. Kama huna friji usipike ya wiki, yatachacha. Mashuka na jinzi mpe dada anayefua nyumba hadi nyumba hapo mtaani, mpatane bei ya haki, umlipe siku hiyohiyo. Naye anategemea Jumapili za watu kama wewe. Vikao vya harusi tuma mchango, nenda kile cha mwisho.

Mzee wa Tegeta
Kijana, mama amesema vizuri, ila mimi naona tatizo lako liko dukani. Toa saa moja ya chakula, unafanya kazi saa 9 kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, huku Bara, inaweka saa 45 kwa wiki. Wewe unazimaliza Ijumaa jioni! Jumamosi yako nzima ni saa za ziada: mnatakiwa muwe mmekubaliana, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Unalipwa hivyo?

Mpangaji wa Kimara
Shikamoo mzee. Silipwi, na hatujawahi kulizungumza. Dada, mashuka wiki hii yanaenda kwa mama mmoja hapa jirani, nimeshaongea naye. Mzee, bosi nimwendee na barua?

Mzee wa Tegeta
Marahaba. Barua baadaye. Mtafute asubuhi kabla wateja hawajajaa, mwombe Jumamosi utoke saa saba. Akikataa, ndipo muongee malipo ya hizo saa. Mkielewana muandikiane, nakala ibaki kwako.