Mzee kaandikiwa altrasaundi ya neva, ndugu wanataka MRI

BintiMoro: Wakuu, shikamooni mlio wakubwa. Mzee wangu, dereva mstaafu, tangu Ramadhani iishe miguu inakufa ganzi na nguvu zinazidi kupungua. Kuinuka kwenye kochi mpaka ashikwe, vifungo vya shati namfunga mimi. Sukari hana. Daktari wa neva (mishipa ya fahamu) kampima kwa umeme, kasema inaelekea CIDP, ugonjwa wa neva, ila majibu hayajatosha, akamwandikia altrasaundi ya neva za mikono. Mikono, na kinachosumbua zaidi ni miguu! Kaka zangu wanasema altrasaundi ni ya wajawazito, tuchange tumpeleke MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Kikao cha familia ni Jumamosi.

Kipara_TZ: MRI ndiyo baba lao dada. Changeni tu.

SonoPwani: Kipara, taratibu. Mimi altrasaundi ndiyo kazi yangu, huku Tanga, kwa hiyo nikivutia kwangu mnisamehe. Ila daktari wenu yuko sawa. Mwongozo wa 2021 wa vyama vya wataalamu wa neva, European Academy of Neurology na Peripheral Nerve Society, kwa upande wa picha unaanza na altrasaundi kwa mtu mzima anayeshukiwa CIDP ila vipimo vya umeme havijatosha. MRI ni pale altrasaundi isipopatikana au isipotoa jibu.

Kwenye CIDP kinga ya mwili inashambulia ganda la neva, neva inanenepa, na hasa tunakuta unene huo sehemu ya juu ya mkono na shingoni neva zinakochomoza. Ile inayopita katikati ya mkono tunapima eneo la mkato wake: likizidi milimita za mraba 10 chini ya kiwiko, au 13 juu yake, tunaandika imenenepa. Zinatakiwa sehemu mbili au zaidi zilizonenepa. MRI inaona mizizi ya neva iliyojificha karibu na uti wa mgongo, hilo silikatai, ila kusema mzizi huu umenenepa mara nyingi ni kwa kukadiria kwa jicho.

BintiMoro: Ahsante sana. Hapa Moro kuna kituo wanasema wanapima kifundo cha mkono. Inatosha?

SonoPwani: Haitoshi kabisa. Pale kifundoni neva inapita kwenye njia finyu, ikibanwa inavimba bila CIDP yoyote, na mtu aliyeshika usukani maisha yake yote ndiyo usiseme. Waulize kama wana kile kichwa cha mashine cha kuonea vitu vya karibu na ngozi, MHz 15 na kuendelea. Cha tumbo hakifai. Wapande mpaka shingoni, mikono yote miwili.

Jingine: mkagueni mzee mgongoni na mapajani kama ana mabaka yasiyohisi mguso. Ukoma nao unanenepesha neva, hasa ile ya ndani ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, na huku kwetu haujaisha. Dawa zake ni bure. Neva ikinenepa sawasawa mwanzo hadi mwisho, mimi huuliza habari za ukoo, maana Charcot-Marie-Tooth ni ugonjwa wa neva wa kurithi na huonekana hivyo.

Kipara_TZ: Akianza dawa, neva inapungua?

SonoPwani: Wengine ndiyo, wengine inabaki nene na huku wanatembea vizuri. Kwa hiyo msikimbilie kurudia picha kila mwezi. Daktari ataangalia kama mzee anainuka mwenyewe na kufunga vifungo vyake.

BintiMoro: Nimewatumia kaka zangu uzi huu wote. Mmoja kashauliza nauli ya Dar.