Majani ya okidi yangu yana madoa na mikunjo: nimwagilie zaidi, nipunguze maji au nitafute dawa?

Binti Kibaraza, Dar es Salaam

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mwezi wa pili nilizawadiwa okidi ya chunguni, ile aina ya Phalaenopsis ambayo wauza maua huiuza ikiwa tayari imechanua, yenye maua meupe mapana kama mabawa ya kipepeo. Maua yalidumu karibu miezi miwili na nusu, kisha yakapukutika, na hilo halikunisumbua kwa sababu nilikwisha kuambiwa kuwa ndivyo ilivyo. Kinachonisumbua ni majani, ambayo yapo matano na kila moja lina lake. La chini kabisa limegeuka manjano lote. Mawili yanayofuata yamelegea na kufanya mikunjo kama ncha za vidole vya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi, ingawa namwagilia kila siku. La nne ndilo linaloninyima usingizi: Jumatatu lilikuwa na doa dogo kama punje ya mtama, lililoonekana kana kwamba limelowa, leo Alhamisi doa hilo limefikia ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, ni kahawia iliyokoza katikati, na limezungukwa na ukingo wa manjano.

Mmea upo kwenye dirisha la magharibi. Maji ni ya kisima, nami huyamimina kwa kopo juu ya majani ili yaoshe vumbi. Chungu cha plastiki kimetumbukizwa ndani ya chombo cha kauri kisicho na tundu. Jirani ananihimiza niweke mbolea, na muuza pembejeo amenipa dawa iitwayo mankozebu, lakini sijatumia chochote. Nianzie wapi?

Mzee wa Makumbi, Tanga

Umefanya vyema kutotumia chochote, binti yangu. Mbolea iache kabisa kwa sasa, kwa maana mmea mgonjwa hauna uwezo wa kuila, na chumvi zake zitaunguza hata mizizi michache iliyosalia. Kabla hatujazungumzia dawa, nijibu mambo matatu. Ukilibonyeza doa kwa upole, ni kavu au linateleza na kutoa maji? Lina harufu? Na mizizi ukiitazama ina rangi gani? Usiniambie ile inayoning'inia nje, bali ile iliyo ndani ya chungu.

Shamba Dogo

Kwa maoni yangu hilo ni jua. Dirisha la magharibi kwa Dar es Salaam, kuanzia saa tisa alasiri, linaweza kubabua jani lolote. Uhamishie mmea dirisha la mashariki.

Fundi Vyungu, Nairobi

Ndugu Shamba Dogo, ushauri wa kuuhamisha mmea naunga mkono, lakini utambuzi wako siukubali. Doa la jua hutokea upande ule tu unaopigwa na jua, hupauka, hukauka kama karatasi, na likishatokea hubaki na ukubwa uleule hadi jani life. Doa lililotoka punje ya mtama hadi sarafu ndani ya siku tatu ni kitu kilicho hai.

Binti Kibaraza

Shikamoo Mzee wa Makumbi. Nimelibonyeza: ni laini, limetoa tone la maji ya kahawia, na halinuki. Kisha nimeutoa mmea chunguni, na nakiri kwamba nimeona aibu. Chini ya chombo cha kauri kulikuwa na maji yaliyosimama kiasi cha vidole viwili. Katikati ya mizizi kuna donge la kuvumwani (vile vimea laini kama sifongo vinavyoshika maji), nadhani limetoka huko mmea ulikooteshwa, nalo lilikuwa limelowa chepechepe. Mizizi iliyolizunguka ni ya kahawia na imebonyea. Nilipouvuta mmoja, ngozi yake ilichomoka yote mkononi kama soksi, ukabaki uzi mwembamba. Mizizi migumu nimehesabu minne tu. Pia ukingo wa chungu una utando mweupe wa chumvi.

Mzee wa Makumbi, Tanga

Marahaba. Sasa tunaweza kusema, na utaona kwamba una matatizo mawili ambayo yamezaliwa na kopo moja.

La kwanza ni mizizi. Okidi hii kwao huishi juu ya miti, ikiwa imeshikilia gome, na mizizi yake imevikwa ngozi ya sifongo inayofyonza mvua haraka na kisha kupigwa na upepo hadi ikauke. Ukiiweka ndani ya maji yaliyosimama hukosa hewa na kuoza, na mzizi uliooza haupeleki maji popote. Ndiyo maana majani yako yana mikunjo ya kiu huku mmea umekaa majini, nawe ukiona mikunjo unaongeza maji.

La pili ni doa. Dalili ulizozieleza, yaani ulaini, majimaji, ukingo wa manjano na kasi hiyo, ni za madoa ya bakteria, ambayo kwa aina hii ya okidi mara nyingi husababishwa na bakteria waitwao Acidovorax. Mankozebu ni dawa ya ukungu, kwa hiyo hapa haitakusaidia. Bakteria hawa husafiri kwa maji yanayorukia jani hadi jani, na wakifika kwenye moyo wa mmea, pale jani jipya linapochipukia, safari imekwisha, maana Phalaenopsis kwa kawaida haina chipukizi lingine la kutegemea. Kwa hiyo kata leo, usingoje Jumamosi. Pitisha wembe kwenye moto, ukate sentimita moja au mbili ndani ya sehemu iliyo ya kijani safi, na uchome tena wembe kabla ya kila mkato. Moto ni bora kuliko spiriti, kwa sababu okidi zina virusi visivyo na tiba vinavyohamishwa kwa wembe. Jeraha lipake unga wa mdalasini.

Fundi Vyungu, Nairobi

Naongeza tahadhari moja: mdalasini hukausha sana, hivyo uishie kwenye jani tu, usiguse mizizi mizima. Nimewahi kuua mmea mzuri kwa kuipaka mizizi mdalasini nikidhani naitibu.

Mzee wa Makumbi, Tanga

Ni kweli kabisa, nilipaswa kulisema. Mizizi iliyooza ikate yote, ondoa lile donge, kisha pandikiza kwenye chungu kidogo chenye matundu mengi, kikubwa cha kutosha mizizi minne na si zaidi. Vipande vya mkaa na magome ya misonobari vinafaa sana. Makumbi ya nazi pia yanafaa (jina langu si la bure), ila ya pwani yana chumvi, kwa hiyo yaloweke siku tatu ukibadilisha maji kila siku. Utando mweupe ulioutaja unatuambia kuwa hata kisima chako kina chumvi. Kinga maji ya mvua. Kuhusu umwagiliaji, usihesabu siku, itazame mizizi: ikilowa huwa kijani, ikikauka huwa na rangi ya fedha. Mwagilia ikiwa ya fedha, asubuhi, kwenye chungu na si juu ya majani, na maji yakichuruzika yote ndipo uurudishe mmea mahali pake. Pangaboi likizunguka polepole chumbani litasaidia majani kukauka.

Binti Kibaraza

Naleta mrejesho baada ya wiki tatu. Nilikata jani la nne karibu nusu yake. Siku ya tano doa jingine dogo lilitokea karibu na mkato, nikakata tena, na tangu hapo ukingo umekauka na kubaki hivyohivyo. Majani yenye mikunjo hayajanyooka. Lile la manjano bado linaning'inia, je, nilikate?

Mzee wa Makumbi, Tanga

Hilo ni uzee, nalo litadondoka lenyewe. Usifungue jeraha lisilo la lazima. Mikunjo ya zamani huenda isinyooke kabisa, kwa hiyo usiitumie kupima maendeleo. Tazama ncha za mizizi.

Binti Kibaraza

Nimetazama sasa hivi. Mzizi mmoja kati ya ile minne una ncha mpya ya kijani inayong'aa, fupi kama punje ya mchele.