Msaada wa haraka: Mtemere hadi Matambwe kwa Escudo Pasaka hii

Kimara_Temboni
Wakuu, habari za jioni. Pasaka hii tunatoka Dar magari matatu. Tunapita Kibiti, Mloka, tunaingia Hifadhi ya Nyerere kwa geti la Mtemere, tunalala humo usiku mmoja, kisha tunatokea Matambwe, Kisaki, Mvuha, Matombo mpaka Morogoro. Wenzangu wana mkonga (Land Cruiser hardtop) na Prado. Mimi nina Escudo ya 2001, fowili, injini nzima, tairi nimebadilisha majuzi. Mvua ndiyo hizi zimeanza. Swali langu ni moja tu: kwenye matope niweke upepo kiasi gani? Siku ya tatu leo silali vizuri. Nawasilisha.

Mluguru_Halisi
Mkuu, upepo achana nao kwanza, wewe iwaze Matombo. Kwetu pale udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Kabla hujaanza kushuka weka L4, yaani fowili ya gia nzito, gia ya kwanza, injini ndiyo ishike gari. Breki usiiguse. Ukibana, tairi zinajifunga na gari linakwenda ubavu, na chini ni korongo. Mjomba wangu alipoteza Land Rover 109 hivyo hivyo, yeye akatoka mzima, mbuzi wote wakafa.

Babu_wa_Ndundu
Vijana mna raha. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, sisi wa kusini tulikuwa tunalala Ndundu tunasubiri pantoni. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilinifunza udongo mweusi wa Rufiji. Unaganda kwenye tairi mpaka kashata zote zinajaa, tairi inakuwa laini kama chapati. Hapo hata uwe na nini, unasubiri jua. Tulikula mihogo ya watu siku nne, mpaka leo nawaombea dua wale akina mama.

Chuma_Chakavu
Mleta mada, upepo utashusha mpaka PSI 20 hivi na utabeba pampu ya kurudishia. Hilo limeisha. Sasa nijibu: ukiweka L4, tairi za mbele zinavuta?

Kimara_Temboni
Taa ya 4WD inawaka vizuri kwenye dashibodi.

Chuma_Chakavu
Sikuuliza taa.

mamaKelvin
Kimara, mdogo wangu, mjibu kaka yako.

Kimara_Temboni
Sawa. Mwaka jana gari lilikuwa linaunguruma chini, fundi akatoa propela ya mbele, ule mtaimbo unaopeleka nguvu tairi za mbele. Alisema kwa mjini haina kazi, na mafuta yatapungua. Haijarudishwa. Lakini Escudo ni jepesi, halizami kama magari mazito, na wenzangu wana kamba. Halafu nimeshachanga laki tatu za chakula na mahema. Aliyetualika ni kaka mkubwa wa mchumba wangu, na mchumba atakaa kwenye gari langu. Leo nampigiaje shemeji nimwambie gari langu ni nusu?

Chuma_Chakavu
Asante kwa ukweli. Taa inawaka kwa sababu lile lever limeshika, lakini nguvu ya mbele haina pa kupita. Una gari la kuvuta nyuma tu. Na difu ya nyuma, kama haina loki, inapeleka mzunguko kwenye tairi inayoteleza. Tairi moja ikizungukia kwenye matope, umesimama. Huo wepesi unaousema utakusaidia dakika ya kwanza.

Kamba nazo zina mambo. Usikubali ifungwe kwenye kile kibonge cha kuvutia tela. Kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Ifungwe kwenye ndoano ya chesisi, na wote wakae mbali.

Babu_wa_Ndundu
Na wanaokufundisha utangulie kwa miguu kupima kina cha maji, humo hifadhini usithubutu. Mamba na viboko wapo. Maji ambayo huoni gari jingine limepita, geuza.

Reli_ya_Uhuru
Treni ya TAZARA inasimama Kisaki. Panda, watakukuta stesheni umeshakunywa chai.

mamaKelvin
Mimi nasema la moyoni. Nina mabinti wawili. Mkwe akiniambia "mama, gari langu haliwezi njia hii, naomba nafasi kwenye lako", nitamheshimu. Mkwe akiniingizia binti yangu kwenye matope usiku, porini kwenye tembo, kisa aibu, nitalikumbuka mpaka siku ya harusi.

Mpekuzi_77
Wakuu, amkeni. Hii chai, stori ya kutunga. Mtu kajiunga jana. Hana hela ya kurudisha propela lakini ana hela ya kiingilio cha hifadhi? Na Escudo, shemeji, Pasaka, vyote vikutane kwenye uzi mmoja? Anataka wachangiaji tu.

Reli_ya_Uhuru
Hata mimi nilianza kunusa iliki.

Mluguru_Halisi
Chai au si chai, ile njia ya Matombo ipo na mvua ipo. Mwacheni.

Kimara_Temboni
Nimejiunga jana kwa ajili ya jambo hili, sina mtu mwingine wa kumuuliza. Kiingilio shemeji amesema analipa yeye, ndiyo maana nazidi kuona haya. Nimetoka kulala chini ya gari sasa hivi na tochi ya simu, mgongo umejaa mchanga. Picha tatu hizo. Angalieni wenyewe kama propela ipo.

Mpekuzi_77
Nimeziona. Naomba radhi, mkuu.

Chuma_Chakavu
Propela kweli haipo. Ila kuza picha ya pili, upande wa kushoto. Ule mpira wa kwenye shafti ya tairi umechanika, grisi imerukia mpaka kwenye rimu. Matope yakiingia humo, kichwa cha shafti hakimalizi safari. Ukikata kona husikii ka-ka-ka-ka?

Kimara_Temboni
Nasikia. Nilidhani ni kokoto.

mamaKelvin
Simu ya shemeji unayo?

Kimara_Temboni
Ninayo dada. Inaita.